Akiba inayooza: Neno moja la tarakilishi na faili lililopotea Wema

Wahenga walisema akiba haiozi. Simu zetu zinasema vingine. Ukiigeuza lugha ya rununu iwe Kiswahili, kisha uingie kwenye mipangilio, utakuta mahali pameandikwa "Futa akiba". Mtu asiyezoea mambo haya akiyasoma maneno hayo kwa mara ya kwanza hushtuka. Nani mwenye akili timamu afute akiba yake? Akiba ni gunia la mpunga lililowekwa kando kwa ajili ya kiangazi. Ni noti iliyofungwa kwenye pindo la leso. Lakini kijana wa duka la simu atakwambia, "Futa tu mzee, haina neno." Nawe ukifuta, hupotezi picha wala ujumbe. Basi hiyo ilikuwa akiba ya nini?

Wiki hii nataka tulipekue neno hilo pamoja na mengine mawili matatu yanayoandamana nalo. Najua wapo wasomaji watakaosema Profesa ameishiwa na mada, sasa anaparamia mambo ya mafundi. Hebu nivumilieni. Neno hili limekwisha kumgharimu mtu.

Mtu mwenyewe ni mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa anafundisha eneo la Wema, kando ya Mto Tana, eneobunge la Garsen. Kwa likizo kadhaa amekuwa akiketi na wazee, akikusanya maneno ya Kipokomo ya mtoni na ya shamba la mpunga: majina ya samaki, ya sehemu za mtumbwi, ya hatua za mafuriko tangu maji yanapoanza kubadilika rangi hadi yanaporudi mkondoni. Alikuwa akiyaandika moja kwa moja kwenye kipakatalishi wazee wakisema. Jioni moja aliandika hadi saa tatu, akabonyeza "Hifadhi", akaona faili limehifadhiwa. Sekunde chache baadaye stima ikapotea. Betri ya kile kipakatalishi ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo mashine nayo ikazima papo hapo.

Kesho yake faili lilikuwepo. Jina ni lile lile. Tarehe ni sahihi. Ukubwa wake, ukihesabu kwa baiti, ni ule ule uliotarajiwa. Alipolifungua, hakukuta hata herufi moja. "Shikamoo Mwalimu," aliniandikia, "faili langu limekuwa kaburi: lina jina juu, ndani kimya." Kisha akaniuliza maswali mawili. Maneno yake yalienda wapi? Na hicho kitu kilichoyameza kinaitwaje kwa Kiswahili? Mmoja wa wazee waliomsimulia amefariki tangu siku ile, kwa hiyo si swali la kujifurahisha.

Kazi ya namna hii ina uzito hata kwetu sisi tusiokaa Tana. Kipokomo ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha 1993 kuhusu historia ya Kiswahili na lugha za Sabaki, wanakiweka katika kundi moja na Kiswahili, Kimijikenda, Kikomoro na Kielwana. Mmisionari wa Kijerumani Ferdinand Würtz, aliyekaa Ngao, si mbali na Wema, alikuwa amekwisha kuchapisha msamiati na sarufi ya Kipokomo katika miaka ya 1890. Karatasi za Würtz bado zinasomeka zaidi ya miaka 120 baadaye. Faili la mwalimu wetu halikumaliza usiku mmoja.

Swali la kwanza ni la wenzangu wa sayansi ya tarakilishi, nami niliwaendea. La pili ni langu. Nilichokigundua ni kwamba la pili halijibiki mpaka la kwanza lieleweke, kwa hiyo tuanze na mashine.

Tuseme wakulima wa mpunga wa Wema wana ghala moja la pamoja. Ndani yake mna vyumba vidogo vidogo vyenye nambari. Mlangoni ameketi karani mwenye madaftari mawili. La kwanza linaonyesha vyumba vipi vimejaa na vipi viko tupu. La pili lina ukurasa mmoja kwa kila mkulima: ana magunia mangapi, yako vyumba gani, na la mwisho liliingia lini. Magunia ndiyo data. Madaftari ndiyo yale mambo ambayo wataalamu huyaita metadata. Katika mifumo ya mafaili yenye asili ya Unix, ule ukurasa wa mkulima huitwa inodi. Ajabu yake ni kwamba inodi haina jina la faili. Jina hukaa kwenye orodha nyingine, ile ya folda, pamoja na nambari ya kukuelekeza kwenye ukurasa. Ndiyo maana faili moja laweza kuwa na majina mawili au matatu bila kurudiwa ndani ya diski.

Metadata tuiteje? Nimeona "data kuhusu data", tafsiri ambayo ni sahihi lakini haimwambii mtu chochote. Mimi napenda "wasifu wa faili". Kila msomaji wa gazeti hili anajua wasifu wa mtu ni nini: alizaliwa lini, ni wa nani, anaishi wapi, umbo lake likoje. Faili nalo lina tarehe ya kuzaliwa, mwenyewe, makazi na ukubwa. Tukishasema wasifu, kila mtu anaelewa pia kwamba wasifu wa mtu si mtu mwenyewe. Hapo ndipo kisa cha Wema kilipo.

Rudi ghalani. Gunia moja jipya likija, karani ana kazi tatu: gunia liingizwe chumbani, chumba kiandikwe kwamba kimejaa, na ukurasa wa mkulima uongezwe. Sasa fikiria tufani imepiga kazi ikiwa katikati. Kama gunia limeingia lakini hakuna kilichoandikwa, gunia lipo na halina mwenyewe. Kesho karani ataliona daftari linasema chumba ni kitupu na atampa mtu mwingine. Kama chumba kimeandikwa kimejaa lakini ukurasa wa mkulima haukuguswa, chumba hicho kimepotea bure. Na kama ukurasa umeandikwa lakini gunia halijaingia, mkulima atakuja siku ya siku akiwa na uhakika kwamba ana gunia chumba cha 12, afungue mlango, akute utupu. Au pengine akute gunia lililosahauliwa na mtu mwingine. Mifumo mizuri ya mafaili hukwepa aibu hiyo ya mwisho kwa kumwonyesha mtu sifuri tupu badala ya mabaki ya faili la mwenziwe.

Kisa cha mwalimu ni hicho cha tatu. Wasifu uliandikwa, data haikuandikwa.

Kwa nini basi karani asimalize kazi zote tatu papo hapo kabla ya kusema "tayari"? Kwa sababu ya mwendo. Tarakilishi ina kumbukumbu ya kazi, iliyo karibu na ubongo wake, na ina diski, iliyo mbali. Kuifikia kumbukumbu ya kazi huchukua nanosekunde 100 hivi. Kuifikia diski ya kuzunguka huchukua milisekunde 10 hivi. Tofauti ni mara 100,000. Hebu tuikuze ili tuione: kama kuigusa kumbukumbu ya kazi kungechukua sekunde moja, kuigusa diski kungechukua karibu saa 28. Diski za kisasa zisizozunguka zimeupunguza muda huo sana, lakini hata kwazo sekunde yetu moja hugeuka robo saa.

Kwa hiyo fikiria madaftari rasmi yamefungiwa Hola, makao makuu ya kaunti, na karani yuko Wema. Kila gunia likiingia asafiri hadi Hola, aandike mstari mmoja, arudi. Wakulima wangemfukuza kabla ya wiki kuisha. Anachofanya karani mwerevu ni kuleta nakala za kurasa anazozitumia, aziweke mezani. Mkulima akija na magunia 40, karani anaubadilisha ukurasa ule wa mezani mara 40, kisha anapeleka Hola mara moja tu. Meza hiyo ndiyo ile ambayo simu yako inaiita akiba. Faida yake ni mbili: kusoma kunakuwa kwa haraka, na mabadiliko mengi madogo yanakuwa safari moja. Katika uandishi wa mafaili hii faida ya pili ndiyo kubwa. Kila unapoongeza kipande kwenye faili, ukubwa unabadilika, saa inabadilika, orodha ya vyumba inabadilika. Bila meza, wasifu ungechukua safari nyingi kuliko data yenyewe.

Hatari yake sihitaji kuieleza kwa watu wa Tana. Mafuriko yakija, kilicho Hola kipo; kilicho mezani kimekwenda na maji.

Sasa naweza kusema kwa nini "akiba" linanisumbua. Tumelipata kutoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kufuata nyuma, kuja baadaye. Akiba ni kitu kinachokusubiri mbele ya safari. Mtu huweka akiba kwa sababu anaogopa kesho. Meza ya karani ni kinyume cha hayo yote: ipo kwa ajili ya sasa hivi, haiogopi kesho, na stima ikienda nayo huenda. Mtu akiambiwa mambo yake "yako kwenye akiba" analala usingizi. Angepaswa kuwa macho.

Inafaa tukumbuke kwamba hata Waingereza hawakulipata neno lao kwa wepesi. IBM ilipokuwa ikieleza tarakilishi yake ya System/360 Model 85 mwaka 1968, wahandisi walikuwa na jina refu la kuchosha, na mhariri wa jarida la kampuni ndiye aliyeomba litafutwe lililo bora. Likachukuliwa neno cache, lenye asili ya Kifaransa, linalotokana na kitenzi cha kuficha: maficho ya wawindaji wa porini. Kilichowavutia ni kule kujificha, maana programu haijui kama inachokisoma kimetoka mezani au Hola. Wafasiri wetu wakaliacha wazo la maficho wakachukua la kuweka. Siwalaumu. Nawakumbuka waliofanya kazi ya mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Walikuwa wakitafuta mamia ya maneno kwa wakati mmoja, katika lugha ambayo bado ilikuwa ikibishana kama mashine yenyewe ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Neno likishakaa kwenye mamilioni ya simu, kulihamisha ni kazi ngumu kuliko kulibuni.

Turudi kwa mafundi, kwa sababu wamehangaika na meza hii kwa zaidi ya miaka 40, na mahangaiko yao yana funzo kwa lugha. Mfumo wa mafaili uliotengenezwa Berkeley, California, na kuelezwa mwaka 1984 ulichagua usalama: mabadiliko muhimu ya wasifu yaende Hola papo hapo, kwa mpangilio, hata kama kazi itakwenda kwa kobe. Ule wa Linux uitwao ext2, wa 1993, ulichagua mwendo: kila kitu kibaki mezani, tutapeleka baadaye. Uliruka kama swara. Lakini mashine ikizima ghafla, ilikuwa lazima diski nzima ikaguliwe, chumba kwa chumba, kulinganisha madaftari, na kwenye diski kubwa ukaguzi huo ungeweza kula saa nzima au zaidi. Mwaka 1994 Gregory Ganger na Yale Patt wakaonyesha njia ya kati: acha mambo mezani, ila kumbuka lipi linategemea lipi, na yakipelekwa Hola yapelekwe kwa utaratibu huo. Usiandike ukurasa wa mkulima kabla ya gunia kuingia. Ni wazo zuri sana, na ni gumu mno kulitekeleza; wenzangu wananiambia wengi wameligusa wakaliacha.

Njia iliyoenea ni nyingine. Karani anakuwa na kitabu kidogo cha pembeni. Kabla ya kugusa madaftari makubwa anaandika humo: "Nakusudia kumwongezea fulani gunia moja, chumba cha 12." Akimaliza kuandika kusudio lote, anapiga mstari. Ndipo anaanza kazi yenyewe kwa nafasi yake. Tufani ikipiga, kesho yake anakisoma kitabu: kusudio lenye mstari analitimiza, lisilo na mstari analifuta. Huhitaji tena kukagua ghala zima. Linux ilipata mfumo wa aina hii, ext3, mwaka 2001.

Kitabu hicho kwa Kiingereza huitwa journal, nami nimekiona kikitafsiriwa "jarida". Hapana. Jarida ni hili la kusomwa na watu, lenye picha na matangazo. Wengine husema "shajara", na hapo tumekaribia, ingawa shajara huandikwa usiku baada ya mambo kutokea na kitabu cha karani huandikwa kabla. "Daftari la makusudio" ndilo ningelichagua. Refu kidogo, lakini halidanganyi.

Kuna jambo moja ambalo mtumiaji wa kawaida haambiwi. Ili kuokoa muda, mifumo mingi huandika kwenye daftari la makusudio mabadiliko ya wasifu peke yake. Data haiandikwi humo, kwani ingelazimu kila gunia libebwe mara mbili. Ndiyo maana baada ya stima kupotea faili laweza kurudi likiwa na wasifu kamili na tumbo tupu. Mfumo umetimiza ahadi yake: ghala limenyooka, madaftari yanapatana. Uliahidi kulilinda ghala. Gunia lako halikuwa kwenye mkataba. Mifumo mingine hulazimisha data itangulie kabla ya wasifu, na huo ni mpango wa heri, lakini si yote.

Mwaka 2009 jambo hili lilizua ugomvi mkubwa miongoni mwa watu wa Linux. Mfumo mpya wakati ule, ext4, ulikuwa ukichelewesha kuchagua vyumba vya data kwa nusu dakika au zaidi, ili upange vizuri, ilhali mabadiliko ya wasifu yalikuwa yakipelekwa kila sekunde 5. Mashine ikianguka katikati ya nyakati hizo mbili, mafaili yaliyokuwa yameandikwa upya yalirudi yakiwa na baiti sifuri. Watumiaji wakapiga kelele. Theodore Ts'o, mmoja wa wajenzi wa ext4, akajibu kwamba programu hazikuomba. Kuna amri, fsync, ambayo programu huitumia kumwambia karani, "Hili peleka Hola sasa, nami nitasubiri hapa." Programu ambayo haikuitoa haina haki ya kulalamika. Hata hivyo, yeye huyo huyo alitengeneza viraka vya kuuzoesha mfumo kutambua visa vya kawaida na kuiharakisha data.

Mimi nikiusoma ugomvi ule naona ugomvi wa maana ya kitenzi. Mwandishi wa programu akisema "andika" anamaanisha jambo limekwisha. Mfumo ukisema "nimeandika" unamaanisha nimekusikia. Na hapa Kiswahili kina silaha ambayo hatuitumii. Kiambishi -me- hakisemi tu kwamba tendo lilitokea. Kinasema hali yake ingalipo. "Mlango umefungwa" maana yake ukienda sasa utaukuta umefungwa. Kwa hiyo ujumbe "Faili limehifadhiwa" ni kauli nzito. Kama data bado iko mezani, kauli hiyo si kweli kisarufi wala kiufundi. Ukweli wakati huo ni "Faili limepokewa", au hata "Faili linahifadhiwa". Diski ikithibitisha, ndipo iandikwe "limehifadhiwa". Mwalimu wa Wema aliliamini lile -me-. Alikuwa na haki kuliamini. Ndivyo tulivyomfundisha darasani.

Kati ya maboresho yote niliyoelezwa, lililonifurahisha zaidi ni dogo. Wasifu wa faili una mstari wa kuonyesha lilisomwa mwisho lini. Maana yake, kwa desturi ya zamani, kila ukilisoma faili, hata usipogusa herufi, mfumo ulilazimika kuandika. Kusoma kunazaa kuandika! Seva yenye mafaili 10,000 yanayosomwa mchana kutwa ilikuwa inaandika mchana kutwa. Mwaka 2009 Linux ilifanya iwe kawaida kuuandika mstari huo pale tu unapokuwa umepitwa na mabadiliko ya faili au umezeeka kwa zaidi ya saa 24. Mwaka 2015 likaongezwa chaguo liitwalo lazytime, yaani saa ya uvivu: tarehe zinabadilika mezani tu, na zinapelekwa diskini faili likiwa na jambo jingine la kupeleka, au programu ikiomba kwa fsync, au siku nzima ikipita. Stima ikipotea, utapoteza saa kadhaa za usahihi kuhusu faili lipi lilisomwa lini. Nani atalia? Ukubwa wa faili na orodha ya vyumba vyake havipewi uvivu huo. Huku ndiko kupanga vizuri kilicho mezani: kuujua mstari upi wa wasifu unastahimili kuchelewa na upi haustahimili.

Basi tuiteje meza hii? Vijana wa saiberi husema "kache", na sina ugomvi nalo. Linatamkika, linaingia kwenye ngeli ya I-ZI bila kusukumwa, na halimdanganyi mtu kwa sababu halina maana ya zamani. Nikitakiwa kubuni, nitasema "hifadhi shikizi". Watanzania wana shule shikizi: shule ndogo iliyofunguliwa karibu na watoto kwa kuwa shule mama iko mbali. Ni ndogo, iko karibu, ni ya muda, na ina mama yake mahali. Hizo ndizo sifa nne za kitu tunachokisaka. Mtu akiambiwa maneno yake yako kwenye hifadhi shikizi ataelewa kwamba safari haijaisha.

Na "akiba" lisitupwe. Kuna kitu kingine kinacholisubiri: ile nakala ya pili ya faili inayowekwa kwenye diski nyingine, nyumba nyingine, ikiwezekana mji mwingine. Hiyo leo tunaiita nakala rudufu, jina ambalo hata walimu hulikosea. Iitwe nakala ya akiba. Hiyo kweli haiozi, au ikioza basi inaoza pamoja na nchi.

Kwa wanaokusanya lugha za wazee, kuna mambo mawili ya kiutendaji ambayo wenzangu walinisisitizia. Kwanza, ukihamishia kazi kwenye kadi au diski mweko, usiichomoe kabla ya kutoa amri ya kuiondoa na kupata jibu. Vifaa hivyo kwa kawaida hutumia mifumo ya ukoo wa FAT, ambayo haina daftari la makusudio; ukichomoa meza ikiwa imejaa, si faili moja linaloweza kuharibika, ni orodha nzima.

Pili, usiutegemee wasifu unaowekwa na mashine kuwa wasifu wa kazi yako. Tarehe ya faili inaweza kubadilika unapolinakili kutoka kifaa kimoja hadi kingine, na mwenyewe wa faili, machoni pa mfumo, ni yule aliyeingia kwenye mashine. Mfumo haumjui mzee aliyesema. Jina la msimulizi, kijiji chake, umri wake, tarehe ya mazungumzo na aina ya Kipokomo anayozungumza viandikwe ndani ya faili lenyewe, mstari wa kwanza kabisa, na vinakiliwe kwa penseli kwenye daftari la karatasi. Wazee wengine waliozungumza na mwalimu bado wapo, na msimu wa kuvuna mpunga ukiisha huwa wana nafasi ya kuketi.